Kutoka Cheti cha Uhuru hadi Kipande: Kukomeshwa kwa Utumwa na Chimbuko la Uskwota katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Mtangazaji wa michezo nchini Kenya akitaka kuarifu kwamba kocha fulani amefutwa kazi, husema kibarua chake kimeota nyasi. Msemo huo umezoeleka kiasi kwamba ni nadra msikilizaji kujiuliza kibarua ni kitu gani hasa. Katika matumizi ya leo neno hili hutaja kazi ya kutwa, mtu anayeifanya kazi hiyo, au jukumu lolote lenye uzito. Hata hivyo, kimofolojia, kibarua ni barua ndogo: nomino barua iliyotiwa kiambishi cha udogo. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka wa 1903 inaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu alipewa kikaratasi kila siku, naye akakirudisha wakati wa kupokea malipo yake. Mtu alipata jina kutokana na karatasi aliyoishika mkononi.

Jambo ambalo maelezo hayo hayalidhihirishi ni kwamba, katika miji ya Unguja na Mombasa ya karne ya 19, wengi wa watu walioshika vikaratasi hivyo walikuwa watumwa. Bwana aliyekuwa na watumwa wengi kuliko kazi za nyumbani mwake aliwatoa wakabebe mizigo, wakasafishe sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara, wakajenge nyumba au wakapakue majahazi. Ujira wa mtumwa huyo uligawanywa baina yake na bwana wake, mara nyingi nusu kwa nusu. Kwa hiyo, kabla ya kuwa jina la mfanyakazi huru wa mshahara mdogo, kibarua lilikuwa jina lililomfaa pia mtumwa aliyekodishwa. Neno lilivuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa hata herufi moja.

Makala haya yanachunguza jinsi lilivyovuka. Yanadai kwamba utumwa wa pwani ya Afrika Mashariki ulikomeshwa kama hadhi ya kisheria ya mtu, ilhali uhusiano wa kiuchumi ulioutegemeza, hususan umilikaji wa ardhi, uliachwa ulivyokuwa na hata kuimarishwa. Tofauti za kitabaka zinazoshuhudiwa hadi leo katika ukanda wa pwani ya Kenya, ambazo sura yake iliyo wazi zaidi ni uskwota, zina mmoja wa mizizi yake hapo.

Utumwa ulivyokuwa

Wako wanaoshikilia kwamba utumwa wa pwani ulikuwa wa upole, wa nyumbani, usiofaa kulinganishwa na ule wa Marekani au wa visiwa vya Karibiani. Hoja hiyo ina ukweli wake. Sheria ya Kiislamu iliruhusu mtumwa kuandikwa huru. Mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa mwungwana. Na jamii yenyewe ilimtofautisha mjinga, yaani mtumwa aliyeingia karibuni kutoka bara, na mzalia aliyezaliwa papo hapo pwani akaijua lugha na dini. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli (1903), ameeleza kwa kina adabu zilizotawala mahusiano hayo. Aidha, walikuwako watumwa walioishi mbali na mabwana zao, wakaendesha shughuli zao wenyewe na kulipa ijara kwa mwezi. (Ijara na ujira ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, hapa moja ililipwa kwa mwenye mtu, na nyingine kwa mwenye jasho.)

Upole huo ulipungua kadiri mtu alivyotoka mjini kuelekea shambani. Katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, mtumwa alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, akabakiziwa Alhamisi na Ijumaa za kulima muhogo wake. Malindi, mji uliofufuliwa kuanzia mwaka wa 1861 chini ya Sayyid Majid, uligeuka katika muda mfupi kuwa ghala la mtama uliosafirishwa hadi Arabuni, na mtama huo ulilimwa na watumwa waliopimiwa kila mmoja ngwe yake. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, anaonyesha kwamba hapa hapakuwa na utumishi wa nyumbani tena. Palikuwa na kilimo cha biashara.

Abdul Sheriff (1987) naye anatukumbusha kwamba biashara hiyo haikuwa ya Waarabu na Waswahili peke yao. Karafuu ziliuzwa Bombay, London na New York. Pembe za ndovu zilitengenezewa vitufe vya piano na mipini ya visu huko Ulaya na Marekani. Kitambaa cheupe kilichopendwa mno pwani na bara kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani, kupitia bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Pamba ya kitambaa hicho ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini na wafanyakazi wa mshahara, kisha ikaletwa Unguja kubadilishwa na pembe ambazo aghalabu zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao watumwa. Kuzungumzia utumwa na ubepari kana kwamba ni mifumo miwili iliyofuatana, mmoja ukifa ndipo mwingine ukazaliwa, ni kukisahau kitambaa hicho.

Kukomesha bila kugawa

Uingereza ilikuwa tayari na uzoefu wa kukomesha utumwa ilipoishinikiza Unguja. Sheria yake ya mwaka wa 1833, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Agosti 1834, iliwaachilia watumwa wapatao 800,000 katika makoloni yake, wengi wao Karibiani. Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwa fidia. Fidia hiyo haikumwendea aliyekuwa mtumwa. Ililipwa kwa aliyekuwa bwana wake, kwa kuwa sheria ilimhesabu huyu kuwa ndiye aliyepoteza mali. Aliyeachiliwa alitakiwa kuendelea kumtumikia bwana yuleyule kama mwanagenzi, hadi mpango huo ulipovunjwa mwaka wa 1838. Sehemu kubwa ya fedha za fidia ilikopwa, na deni lililotokana na mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka wa 2015. Ikumbukwe kwamba miongoni mwa waliokuwa wakiulipa kodi wakati huo walikuwa wajukuu na vitukuu wa watumwa wa Karibiani waliohamia Uingereza.

Eric Williams, katika kitabu chake cha 1944 kuhusu ubepari na utumwa, alidai kwamba faida ya utumwa ilisaidia kuugharimia ukuaji wa viwanda vya Uingereza, na kwamba utumwa ulitupwa ulipokuwa mzigo kwa viwanda hivyo. Wanahistoria wamebishana juu ya hoja hiyo kwa miongo mingi, na si lazima mtu aikubali yote. Wapo waliopinga utumwa kwa imani ya kweli, na hakuna sababu ya kuwadhihaki. Linaloonekana wazi katika hesabu za 1833 ni kitu chepesi zaidi: dola ilipolazimika kuchagua baina ya haki ya mtu juu ya nafsi yake na haki ya mtu juu ya mali yake, iliitimiza ya kwanza kwa kuinunua kutoka kwa ya pili.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipitia njia ndefu zaidi. Mkataba wa Juni 1873, ambao Sayyid Barghash aliutia saini chini ya shinikizo la manowari za Uingereza, ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko la Mkunazini, mahali ambapo kanisa la Kianglikana limesimama hadi leo. Mkataba huo uligusa biashara, haukugusa umilikaji. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa.

Umilikaji ulifikiwa tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, ambayo kwa hakika ilibuniwa na Waingereza. Amri hiyo haikutangaza kwamba watumwa wote wako huru. Ilifuata mtindo uliowahi kutumiwa India mwaka wa 1843: mahakama zilizuiwa kuitambua hadhi ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya na kuudai. Bwana wake alistahili fidia kutoka serikalini. Masuria hawakuhesabiwa, waliwekwa katika daraja la wake, na mlango wao haukufunguliwa hadi mwaka wa 1909.

Kifungu cha nne cha amri hiyo kinastahili kusomwa taratibu na yeyote anayetaka kuielewa historia ya kazi katika eneo hili. Kinasema kwamba mtu aliyepata uhuru wake mahakamani atawajibika kulipa kodi, na kwamba atalazimika kuonyesha kuwa ana makao maalumu na njia ya kujikimu. Asipoweza, atatangazwa kuwa mzururaji. Tena, ikiwa makao yake yako katika ardhi ya mtu mwingine, atamlipa mwenye ardhi kodi, nayo kodi hiyo yaweza kulipwa kwa kazi au kwa mazao. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, makao ya karibu kila mtumwa wa shamba yalikuwa katika ardhi ya mtu mwingine. Ardhi hiyo ilikuwa ya bwana wake. Maofisa wakasimamia mapatano ambayo kwayo aliyeachiliwa aliahidi kufanya kazi siku tatu za juma kwa ajili ya nyumba na kijishamba alivyokuwa navyo tangu zamani. Siku tano zilikuwa zimepunguzwa zikawa tatu, na utumwa ukaitwa kodi.

Haishangazi kwamba wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Wengine walihama shamba moja hadi jingine wakitafuta masharti nafuu. Wengine wakakataa kupalilia na kukubali kuchuma tu, kwa kuwa uchumaji ulilipwa kwa pishi na uliwaachia uhuru wa kuondoka. Wenye mashamba, nao, walikuwa wamezama katika madeni ya matajiri wa Kihindi waliowakopesha kwa rehani ya mikarafuu. Hivyo ni kosa kumchora mwinyi wa Unguja wa miaka hiyo kama mtu aliyeketi juu ya hazina. Alikuwa na ardhi lakini hana fedha. Mfanyakazi wake alikuwa na nguvu lakini hana ardhi. Na juu yao wote ilikaa serikali iliyotegemea ushuru wa karafuu, ambayo haikuweza kustahimili karafuu zikose kuchumwa.

Karatasi mbili

Upande wa bara, ukanda wa maili kumi uliowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka wa 1895 ulingoja miaka kumi zaidi. Arthur Hardinge, aliyekuwa na dhamana ya utawala huo, alihofia kwamba kukomesha utumwa kwa haraka kungewafilisi Waarabu na Waswahili ambao serikali iliwategemea kutawala. Sheria ya kuifuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya ikapitishwa mwaka wa 1907, nayo ikaruhusu mabwana kudai fidia hadi mwisho wa 1911.

Ingekuwa dhuluma kudhani kwamba watumwa wa Malindi na Mombasa walikaa mikono kifuani wakiingoja sheria hiyo. Maelfu walikuwa wamekwisha kutoroka. Makao ya watoro kama vile Fuladoyo na Makongeni yalijulikana tangu miaka ya 1870 na 1880, na vituo vya misheni vya Frere Town na Rabai vilijaa watu. Siku ya kwanza ya mwaka wa 1889, baada ya mabwana kutisha kuivamia Rabai, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iligawa vyeti vya uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400. Kampuni iliwalipa mabwana ili vyeti hivyo vitolewe. Watoro walikuwa wamejikomboa kwa miguu yao wenyewe, lakini karatasi ya kuthibitisha hivyo ilibidi inunuliwe kutoka kwa waliowakimbia.

Cheti cha uhuru ndicho karatasi ya kwanza. Ya pili ilikuja mwaka wa 1908, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya utumwa, nayo ni hati ya kumiliki ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka huo ilimtaka kila aliyedai kuwa na ardhi pwani ajitokeze na kuithibitisha haki yake mbele ya mwandikishaji. Aliyekuwa na nyaraka, mashahidi wa heshima na ufasaha wa sheria aliandikiwa shamba lake kuwa milki kamili ya kudumu. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo mdai wake hakuridhisha, iligeuka kuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Ni nani wangeweza kuthibitisha? Mmijikenda aliyelima kwa zamu, akihama na kurudi kwa desturi ya ukoo, hakuwa na karatasi, na serikali iliamini kwamba mahali pake ni nyuma ya ukanda wa pwani. Aliyekuwa mtumwa alikuwa na hali ya ajabu zaidi. Alikuwa ameilima ardhi hiyo, pengine kwa miaka thelathini. Alijua kila mnazi uliokuwamo. Lakini alikuwamo kwa idhini ya bwana, na sheria haikuwa na safu ya kuandikia jasho. Zamani, idhini hiyo ilikuwa na uzito wa kijamii. Aliyeachwa huru alibaki katika jamaa ya bwana wake, akimhudhuria katika arusi na matanga, naye bwana akiona aibu kumfukuza. Hati ya 1908 ililigeuza shamba kuwa bidhaa. Lingeweza kuuzwa kwa mgeni asiyemjua mtu yeyote aliyekuwa akiishi ndani yake, na aibu haiandikwi katika mkataba wa mauzo.

Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital (1867), alieleza kwa kejeli kwamba mfanyakazi wa mfumo wa kibepari yu huru kwa maana mbili: yu huru kujiuza mwenyewe atakavyo, na yu huru pia kwa kuwa hana nyenzo zozote za kujitegemea. Watumwa wa pwani ya Kenya walipewa uhuru wa kwanza mwaka wa 1907 na wa pili mwaka wa 1908.

Pana msamiati wa kuzingatiwa hapa. Kiswahili cha kale kilikuwa na maneno mawili ambayo tafsiri za haraka huyachanganya. Mwungwana ni aliyezaliwa huru, mwenye nasaba, mwenye mahali. Huru, au mahuru kama walivyoitwa Mombasa, ni aliyeachwa. Wa kwanza alikuwa na kitu cha kusimamia. Wa pili aliondolewa kitu kilichomfunga, basi. Lugha ya siasa ya karne ya 20 ililichukua neno la pili, si la kwanza, ilipotafuta jina la kile ambacho mataifa ya Afrika yalikuwa yakikipigania. Uchaguzi huo huenda haukuwa na nia yoyote, lakini hauachi kumtafakarisha msomaji.

Kipande

Mashamba yalipata hati, ila hayakupata watu. Waliokuwa watumwa walipendelea kulima vijishamba vyao au kwenda mjini. Katika maeneo ya Malindi, ambako wazungu nao walikuwa wameanza mashamba ya mpira na pamba, uhaba wa wafanyakazi ukawa kilio. Serikali ikawageukia Wagiriama, waliokuwa wakivuna mahindi yao na kuyauza, na ambao hawakuona sababu ya kumtumikia mtu. Madai ya kodi na ya vijana wa kwenda kazini ndiyo yaliyomchochea Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wake wasikubali. Alikamatwa mwaka wa 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akapelekwa Kisii, akatoroka. Mwaka wa 1914 serikali iliamuru Wagiriama waondolewe ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, wakachomewa nyumba na kupigwa risasi. Uasi wa Mekatilili hufundishwa kwa kawaida kama sura ya historia ya uzalendo. Ni sura ya historia ya utumwa vilevile: Wagiriama waliviziwa ili wakajaze pengo ambalo watumwa walikuwa wameliacha.

Nyenzo za kisheria zilikuwa nyingi, na hapa zatosha kutajwa kwa haraka. Kodi ya nyumba ilianza mwaka wa 1901. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota katika mashamba ya wazungu wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Kisha, mwaka wa 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka kumi na sita akaanza kulazimishwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, majina ya waajiri na kiwango cha mshahara, iliyotiwa katika kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni.

Kwa hiyo kibarua alikuwa amepata karatasi nyingine, ila hii haikurudishwa jioni. Kikaratasi cha zamani kilimwambia mlipaji kwamba mwenye nacho ameifanya kazi. Kipande kilimwambia polisi kwamba mwenye nacho hajaikimbia. Wakenya wengi bado hukiita kitambulisho chao cha taifa kipande, na vijana wanaolitumia jina hilo hawakujaaliwa kukiona kile kikebe. Ama sheria ya uzururaji, dada wa kile kifungu cha nne cha 1897, iliendelea kuwa katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi mwaka wa 1997.

Bandari ya Mombasa ndiyo iliyohifadhi mtindo wa kibarua kwa muda mrefu zaidi. Makuli waliajiriwa kwa siku, wakatumwa na kufutwa kulingana na kuja kwa meli. Waajiri waliupenda mtindo huo kwa urahisi wake. Wafanyakazi nao, jambo ambalo watafiti wengi walichelewa kuliona, waliupenda kwa sababu ulimwezesha mtu kufanya kazi siku chache kisha akarudi shambani kwake. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliofungua njia kwa chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Chege Kibachia, ulizifanya serikali na kampuni ziutazame upya. Miaka ya 1950 vibarua wa bandari wakaanza kugeuzwa wafanyakazi wa kudumu, wachache kwa idadi na wenye mshahara bora. Waliobaki nje ya hesabu hiyo walibaki vibarua.

Fasihi iliyaona haya

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana vitabu viwili vinavyofaa kusomwa bega kwa bega juu ya suala hili. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa akaletwa Frere Town. Ni kitabu kinachowasifu Waingereza kwa moyo mkunjufu, na kwa sababu hiyo wahakiki wa baada ya uhuru wamekikosoa kuwa kinasema kwa sauti ya mkoloni. Lawama hiyo inaeleweka, lakini ni nyepesi. Mtu ambaye baba yake alikuwa mali ya mtu hawezi kulaumiwa kwa kuiona siku ya kukombolewa kuwa kubwa kuliko siku zote.

Cha pili ni Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) cha Adam Shafi. Hadithi yake inatukia Unguja, miongo kadhaa baada ya amri ya 1897, na kisheria hamna mtumwa ndani yake. Hata hivyo, mwanamke anayemtumikia Fuad kasrini anaitwa Kijakazi. Shafi hakuhitaji kueleza zaidi. Jina limebaki na mtu amebaki, na shamba limebaki na mwenyewe, hadi mapinduzi ya Januari 1964. Tukivisoma vitabu hivi pamoja, cha kwanza kinauliza mtumwa alitoka wapi, na cha pili kinauliza alifikishwa wapi. Mihadhara mingi hukifundisha kila kimoja peke yake, kimoja katika historia ya riwaya na kingine katika uhalisia wa kijamaa.

Baada ya 1963

Kabla ya Kenya kupata uhuru, hatima ya ukanda wa maili kumi ilijadiliwa baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Unguja. Katika barua walizobadilishana Oktoba 1963, Serikali ya Kenya iliahidi kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa katika pwani zitatambuliwa wakati wote. Ahadi hiyo ilikuwa na sababu zake za kisiasa, kwani ilituliza hofu ya watu waliotishia kujitenga. Matokeo yake ni kwamba daftari la 1908 liliingia katika taifa huru bila kufutwa mstari.

Tangu hapo, sura ya uskwota wa pwani imekuwa tofauti na ya sehemu nyingine za nchi. Mtu aweza kumiliki nyumba pasipo kumiliki kiwanja iliposimama, na kumiliki mnazi pasipo udongo uliouotesha. Utalii ulipopanda tangu miaka ya 1970, fuo zilipata bei, na mwenye hati aliyekuwa akiishi mbali alipata sababu ya kurudi au ya kuuza. Takaungu, ambako sheria ya 1914 ilitenga ardhi kwa ajili ya Wamazrui, Bunge liliivunja milki hiyo mwaka wa 1989 kwa ajili ya waliokuwa wakiikalia, na mgogoro ukapelekwa mahakamani. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 iliitaja pwani kwa jina miongoni mwa mahali penye dhuluma za kihistoria. Ni muhimu kusisitiza kwamba maskwota walio wengi si wazao wa watumwa. Wengi ni Wamijikenda ambao babu zao walikosa kuandikishwa. Makundi hayo mawili yaliunganishwa na daftari moja, kila moja kwa kutokuwamo kwake.

Katiba ya 2010 inapiga marufuku utumwa na utumishi wa kulazimishwa katika kifungu cha 30, na katika kifungu cha 67 inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2016 ikafafanua dhuluma hizo kuwa zile zilizotendeka baina ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, zikawaondoa watu katika makao yao ya kawaida. Na ikatoa miaka mitano ya kuwasilisha malalamiko. Mgiriama wa kaskazini mwa Sabaki anaingia katika ufafanuzi huo bila shida. Tarehe 15 Juni 1895, mtumwa wa Malindi alikuwa bado ana miaka kumi na miwili ya kungoja sheria ya kumwachilia, na ilipokuja, haikumwondoa popote. Ilimkuta shambani, ikamwacha shambani, na mwaka uliofuata shamba likaandikwa jina la mwingine.